Mfano Uliozimeza Kambi Zetu

Vijana wa chumba cha mitambo mmenitumia ujumbe mara kadhaa mkitaka niwaandikie machache ya busara kwa kuwa sasa nimestaafu. Busara sina. Nina hasira, nina diploma, na nina koleo langu la kubania nyaya ambalo hakuna hata mmoja wenu atakayelirithi. Kama mlitaka maneno laini mngemwomba mhasibu. Mimi nitawaandikia kazi ilivyokuwa, na hasa nitawaandikia juu ya mfano mmoja wa anwani ya mtandao, mstari mmoja tu kwenye kurasa za maelekezo, ambao nusura umfukuzishe mtu kazi huku mimi naona.

Nimezaliwa Nyakunguru. Wenzangu wa rika waliingia mashimoni kutafuta dhahabu. Mimi nilikwenda Tarime mjini kushika pasi ya kulehemu kwa Fundi Salim, mtengeneza redio ambaye babu yake alitoka pwani, lakini yeye mwenyewe alikuwa anatukana kwa Kikurya vizuri kuliko mimi. Siku ya kwanza alinipa redio iliyokufa pamoja na mchoro wake.

"Fuata mchoro kama ulivyo," aliniambia. "Usiongeze akili yako."

"Na kama mchoro una makosa, fundi?"

"Ukiufuata kama ulivyo na redio ikagoma, tutajua mchoro ndio mwongo. Ukiongeza akili yako, mwongo atakuwa nani? Wewe, mchoro, au mimi niliyekupokea?"

Sijawahi kufundishwa jambo kubwa kuliko hilo, na nimekaa madarasani. Nilivuka Sirari nikaenda Nairobi, nikabeba nyaya begani mchana na kusoma jioni, mpaka nikapata diploma ya mawasiliano bila mjomba, bila mbunge na bila padri wa kunishika mkono. Wakenya pale kazini walidhani kila Mtanzania ni mpole wa kubembeleza maneno. Walikuwa hawajafanya kazi na mtu wa Tarime. Msimamizi wangu wa kwanza alinifokea, "Wewe Mtanzania, kuja hapa!" Nikamjibu kwamba nitakuja akijifunza kuniita. Tukaelewana vizuri tangu siku hiyo. Nilipandishwa vyeo, ndiyo, lakini hayo hayawahusu. Kinachowahusu ni kwamba niliporudi nyumbani, nilirudi nikijua kufunga mtandao kuanzia nguzo mpaka namba ya mwisho, na katika wilaya ya Serengeti wakati huo sikuona mwingine.

Kampuni iliyoniajiri mnaijua, ndiyo hiyo mliyopo: kambi za mahema za watalii karibu na lango la Ikoma la kuingilia hifadhini, ofisi kuu na ghala Mugumu, na mnara wa kurushia mawimbi juu ya kilima kule Nyansurura. Nilipofika, kila kambi ilikuwa na kisanduku chake cha mtandao kilichofungwa na fundi wake, na kila fundi alikuwa ametoa namba anavyojua yeye. Kompyuta mbili zilikuwa na anwani moja na kila moja ilikuwa inaiba barua za mwenzake. Nilifuta yote. Nilipanga anwani upya jinsi wazee wetu walivyopanga alama za ng'ombe: kila ukoo alama yake, ili mnyama akipotea, ukimtazama tu unajua umrudishe kwa nani. Anwani zote zilianza na 10. Mugumu ikawa 10.2, kambi ya kwanza 10.11, kambi ya pili 10.12, mnara wa Nyansurura 10.30. Mpaka leo mtu akinitajia namba nitamwambia ni ya jiko la kambi gani. Huo mpango niliufanya peke yangu na haujawahi kuanguka. Andikeni hilo ukutani kama mna nafasi.

Halafu yakaja makontena. Simaanishi ya bandarini. Naandika hivi kwa ajili ya wale wa mapokezi, nao watasoma. Kontena la programu ni kama boksi: programu inawekwa humo na kila kitu inachohitaji, unalibeba, unaliweka kwenye mashine yoyote, linafanya kazi. Ni kitu kizuri na sitakisema vibaya. Ila maboksi hayo yanahitaji kuzungumza, kwa hiyo ndani ya mashine unayatengenezea kamtandao kao kadogo, na kamtandao hako kanahitaji anwani zake. Namna ya kukatengeneza imeandikwa kwenye kurasa za maelekezo za wenye programu, watu wa mbali, wenye umeme usiokatika.

Mtandao wetu wa nje ulikuwa unakuja na kuondoka, hivyo kurasa hizo tulizitoa kwenye printa. Niliweka utaratibu: mmoja anasoma karatasi kwa sauti, mwingine anachapa. Anachapa kama ilivyoandikwa. Haongezi akili yake. Wageni waliotutembelea walicheka, wakasema tunafanya kazi kama darasa la imla. Wacheke.

Fundi wangu wa pili alikuwa Bhoke, binti wa Nyansurura, wa kwanza kwao kusomea kompyuta. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mdomo wake mzito, kinyume changu. Siku ile ya mkasa mimi nilikuwa juu ya mnara, nimefunga mkanda, nakaza antena iliyolegezwa na upepo. Bhoke alikuwa Mugumu anaweka programu mpya ya kuagizia vyakula kwenye mashine kubwa, ile inayohudumia ofisi na kambi zote, na kwa kuwa sikuwepo, alimwomba Matiko amsomee karatasi. Matiko ni mpishi mkuu. Kiingereza chake alikipata kwa wageni, na anapenda kusoma kwa sauti kama mtu anayesoma somo kanisani.

Simu ikaniita nikiwa huko huko juu.

"Mzee Nyamhanga, shikamoo." Alikuwa Bhoke. "Kambi zote mbili zimepotea."

"Marahaba. Zimepotea vipi?"

"Hapa ofisini kila mtu anaiona mashine kubwa. Kambi haziioni. Na lango la Ikoma kuna magari ya wageni, majina na vibali vyao viko kwenye mashine, kambi haiwezi kuvitoa. Madereva wanapiga kelele."

Someni hapo vizuri, maana ndipo kazi ilipo. Walio karibu wanaona, walio mbali hawaoni. Mtu mwingine angeanza kukagua mnara. Mimi nilimwambia aiulize mashine kubwa njia ya kwenda kambini. Akaniambia safari haitoki hata nje ya mashine yenyewe. Inaishia humo humo ndani.

"Umeweka nini leo?"

"Kamtandao ka makontena, Tata." Tata kwetu ni baba, na huniita hivyo mambo yakiwa magumu. "Kama karatasi inavyosema."

"Nisomee anwani."

"Kumi, nukta sifuri, nukta sifuri, nukta sifuri, mkwaju nane."

Karibu nidondoke. Namba iliyo baada ya mkwaju, ule mstari ulioinama, ndiyo inayosema eneo ni kubwa kiasi gani, nayo huenda kinyume: namba ikipungua, eneo linakua. Ishirini na nne ni kiwanja cha nyumba moja. Nane ni mkoa mzima pamoja na ziwa. Mfano ule ulikuwa umeiambia mashine yetu kwamba kila anwani inayoanza na 10, popote duniani, imo ndani ya tumbo lake. Mashine ikatii. Mugumu ilipona kwa sababu imeungwa nayo moja kwa moja. Kambi, zilizo mbali, zikamezwa. Nilimwambia Bhoke afute kamtandao kale, akakafuta, na magari yakaanza kuingia.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini asubuhi iliyofuata, kwenye paredi ya uani, mbele ya madereva, wapishi, walinzi na wafua nguo, Meneja Magesa alimwita Bhoke mbele.

"Mtazameni huyu," alisema. "Wageni wamechomwa jua langoni kwa sababu yake. Tumemsomesha kozi, anakuja kutukatia mtandao. Huyu si fundi. Huyu ni hasara."

Bhoke alitazama viatu vyake. Matiko akainua mkono akiwa na mwiko.

"Meneja, mimi ndiye niliyesoma. Amechapa nilichosoma. Na nilichosoma ndicho kilichoandikwa."

"Wewe rudi kwenye sufuria zako."

"Sufuria zangu hazijamkosea mtu," Matiko alijibu, lakini akarudi.

Nilimfuata meneja ofisini. Sikugonga mlango. Nilimwambia binti amefuata utaratibu wangu, karatasi ndiyo yenye kosa. Akaniambia angetumia akili. Nikamwambia angetumia akili tusingejua kosa ni la nani, na sasa tunajua. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Mzee, hao ndio waliotengeneza programu yenyewe. Watakosea mfano wao wenyewe, wewe wa Nyakunguru ndiye ujue?"

"Ndiyo."

"Basi waambie wao. Wakikiri wamekosea, binti anabaki. Wakisema mfano uko sawa, mwisho wa mwezi anaondoka. Kwa sasa aende ghalani akapange mashuka."

Hivyo ndivyo kazi ya Bhoke ilivyowekwa mikononi mwa watu ambao hawajawahi kusikia jina la Mugumu.

Kurasa hizo za maelekezo ziko wazi, mtu yeyote anaweza kupendekeza sahihisho na wenyewe wakalikubali au kulikataa. Niliandika vizuri, kwa Kiingereza cha diploma: mahali pa mkwaju nane wekeni 10.0.9.0 mkwaju ishirini na nne, eneo dogo linalotosha maboksi, na chini yake wekeni sentensi ya kumwonya msomaji ahakikishe eneo hilo halitumiki kwake. Nikaeleza sababu. Jibu lilikuja kutoka kwa mama anayetunza kurasa hizo. Nitamwita Mtunza Kurasa. Aliandika: "Asante kwa mchango wako. Huu ni mfano tu. Tunatarajia kila mtumiaji abadili namba ziendane na mazingira yake." Halafu akafunga pendekezo langu, kama mtu anayefunga dirisha la duka.

Mfano tu! Ndugu zangu, nimefanya kazi miaka mingi na hakuna maneno yanayonipandisha damu kama hayo. Daktari akiandika dozi ya mfano tu, utameza? Mwenye gari akikuchorea breki ya mfano tu, utapanda? Mtu anayeandika mfano anajua kabisa utanakiliwa, ndiyo sababu ameuandika. Anayeujua mtandao vizuri hahitaji mfano. Anayeuhitaji ni yule asiyejua, na huyo huyo ndiye unayemwambia alipaswa kujua.

Nilifungua pendekezo tena. Nikamuuliza: "Mmeandika wapi kwamba abadili? Juu ya mfano mmeandika: endesha amri ifuatayo."

Akajibu: "Hatujapata malalamiko kutoka kwa watumiaji wengine."

Nikajibu: "Waliokatika mtandao watalalamika kupitia nini?"

Akaja mwingine, kijana wa maneno matamu, akasema nina hoja nzuri lakini kubadili mfano kutawachanganya waliouzoea. Nikamwambia aliyeuzoea moto naye aachwe ndani ya nyumba. Akaniomba nitunze lugha. Nilikuwa nimeshaitunza, angeisikia ya Kikurya.

Mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia. Kila nilipopita ghalani nilimwona Bhoke amesimama kati ya marundo ya mashuka, ananukia sabuni, na wafua nguo wanamtania kwamba sasa amepata mtandao usiokatika. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Nyansurura kuniuliza kama ni kweli mwanawe ameharibu mali ya watu. Nilimwambia hapana, na aliniamini kwa adabu, si kwa moyo. Kijijini kwao maneno ya paredi yalikuwa yamefika kabla yake.

Ndipo nikaacha kubishana kwa hoja. Siku moja, mchana, nilipoona Mtunza Kurasa yuko hewani, nilimwita Bhoke kutoka ghalani akae pembeni yangu. Nikaandika: "Mama, sitaki tena kubishana. Nakuomba jambo moja. Chapa mfano wako mwenyewe, kwenye mashine ya ofisini kwenu, kama ulivyo. Usibadili hata nukta."

Akajibu haraka, nadhani kwa kunichoka: "Sawa. Nimeingia kwenye mashine yetu ya majaribio nikiwa nyumbani. Naendesha sasa hivi, tulimalize."

Tukasubiri. Alama ya kuonyesha kwamba yupo ikazimika. Matiko alileta chai, ikapoa.

"Tata," Bhoke alisema, "amekasirika?"

"Hapana. Amekatika."

Nilimwona akicheka kwa mara ya kwanza tangu paredi ile. Aliziba mdomo kwa shuka alilokuwa nalo begani.

Ujumbe uliporudi ulikuwa umejaa makosa ya herufi. "Naandika kwa simu. Mashine yetu, ambayo ndiyo njia yetu ya kuingilia kazini, inanikataa, na siyo mimi tu, wenzangu wote wanaofanya kazi kutoka nyumbani wametolewa. Anwani zetu pia zinaanza na 10. Inabidi mtu aende ofisini akaifute kwa mkono. Mlichosema ni kweli. Poleni sana."

Sahihisho lilikubaliwa siku hiyo hiyo, pamoja na sentensi ya onyo. Na mnajua waliniletea nini kama shukrani? Picha ndogo ya kidole gumba. Nimewapelekea hasira, hoja na kazi ya binti wa watu, wamenirudishia kidole gumba. Nilipekua kurasa nyingine nikakuta mkwaju nane ule ule umenakiliwa huku na kule na waandishi wao wenyewe, watu waliosema mtumiaji anatarajiwa kubadili. Nikaisahihisha mifano yote, mmoja baada ya mwingine, na nimeendelea kusahihisha mifano ya watu mpaka nastaafu. Jina langu halimo popote. Mkitumia kurasa hizo leo na kambi zikabaki mahali pake, ni mimi.

Nilitoa majibu yote kwenye printa nikampelekea meneja. Aliyasoma polepole, akayageuza kana kwamba nyuma kuna jambo jingine. Hakukuwa na jambo jingine. Akamwita Bhoke, akamkaribisha kiti, akaagiza chai.

"Binti, yamekwisha," alisema. "Kesho rudi kwenye mitambo yako. Haya mambo ya kazi yanatokea."

Mimi nilikuwa tayari nimeinuka. Nilidhani tumeshinda. Bhoke hakukaa na hakugusa chai.

"Asante, meneja," alisema. "Lakini hukunisema humu ndani."

"Unamaanisha nini?"

"Ulinisema uani, watu wote wakiwepo. Nyumbani kwetu neno lililosemwa mbele ya watu linafutwa mbele ya watu wale wale. La sivyo halijafutwa. Mama yangu anapita njiani anaambiwa amezaa hasara."

"Bhoke, mimi ni meneja. Unataka nisimame pale niseme nini?"

"Ulichosoma kwenye hizo karatasi."

"Na nisipofanya hivyo?"

"Nitapanga mashuka mpaka mwisho wa mwezi, halafu nitakwenda nyumbani. Mtandao atauendesha Mzee, naye anakaribia kustaafu."

Meneja alinitazama mimi, akitaka nimnyamazishe. Mzee mwenzake, mwenye diploma, mwenye kuelewa jinsi ofisi zinavyokwenda. Nilitazama dirishani. Nimegombana na watu wengi katika maisha yangu kwa sauti ya juu, na sijui kama niliwahi kumbana mtu vile alivyombana yule binti kwa sauti ya chini.

Asubuhi paredi ilikuwa imejaa. Hata walinzi wa zamu iliyokwisha hawakwenda kulala. Meneja Magesa alisimama mahali pale pale, akakohoa, akasema kwa haraka, macho kwenye karatasi, kwamba kuhusu lile tatizo la mtandao imebainika kwamba maelekezo kutoka nje yalikuwa na kasoro, na wahusika wamerekebisha, na kazi ziendelee.

Watu wakaanza kusogea. Bhoke hakusogea. Alibaki amesimama mbele yake, mikono nyuma, anamsubiri.

"Na jina?" Matiko aliuliza kutoka nyuma. "Siku ile ulitaja mtu, meneja. Leo umetaja kasoro."

Wafua nguo wakacheka. Meneja alikunja karatasi akaitia mfukoni. Alimtazama Bhoke, nadhani kwa mara ya kwanza tangu amwajiri.

"Bhoke hakukosea," alisema. "Mimi ndiye niliyekosea."

"Huku hatusikii!" akapaza sauti dereva mmoja kule kwenye magari.

Meneja alivuta pumzi, akainua kichwa, akarudia.